Lidude la Mchangani Lilivyopandwa

Katika Dune: Part Two, sinema ya Denis Villeneuve iliyotoka Machi 2024, kuna mahali ambapo banda zima la video pale Makambako huacha kutafuna karanga. Paul Atreides, steringi anayechezwa na Timothée Chalamet, anakimbia juu ya ukingo wa tuta la mchanga, na chini yake linakuja lidude refu kuliko treni ya TAZARA. Tuta linakatika miguuni mwake. Anaporomoka nalo, vumbi linameza kila kitu, na kwa muda hatuoni ila kulabu za kulipandia na mkono unaotafuta pa kushika.

Vijana wengi husema hiyo yote ni kompyuta. Sivyo, na ndiyo maana tumbo linakaza. Tuta lile lilikuwa tuta la kweli jangwani. Kikosi cha Gerd Nefzer, fundi wa mambo yanayofanyika mbele ya kamera yenyewe, kilifukia mabomba ya chuma chini ya kilele, kisha kikayavuta kwa mashine wakati mtu wa kazi za hatari akipita juu kwa mbio. Mchanga ukakosa pa kuegemea, ukaanguka kwa uzito wake. Siku ukiirudia sehemu hiyo, tazama mabega ya yule anayekimbia. Yanashtuka kabla hajaanza kuanguka, kama yanavyoshtuka ya mtu yeyote ambaye ardhi imemkimbia. Lidude lenyewe ndilo la kompyuta, lakini tayari umeshaamini anguko, kwa hiyo na lidude unaliamini.

Kulipanda kulihitaji kikosi cha pekee, kilichoongozwa na Tanya Lapointe na kufanya kazi kwa zaidi ya siku 40. Walijenga kipande cha mgongo wa lidude juu ya mtambo unaoinama na kutikisika, wakakiweka nje, juani, vumbi likipulizwa kwa nguvu usoni mwa waigizaji. Nyuma yao hawakutundika kile kitambaa cha kijani tulichokizoea, bali cha rangi ya mchanga, mbinu waliyoianza katika sehemu ya kwanza ya 2021, ili mwanga unaorudi mashavuni uwe wa jangwani.

Mkazi wa Makambako hahitaji kuelezwa sana hapa. Mji huu ni wa upepo. Vumbi likisimama kando ya barabara ya Zambia, jua halipotei. Linageuka kahawia, na vivuli vya malori vinapoteza kingo zake. Ndivyo Greig Fraser, mpiga picha wa sinema hii, alivyoutumia mwanga. Kamera inabaki karibu na Paul, kwenye kitambaa kinachopigwa na upepo, na Villeneuve anatunyima lidude zima. Akituonyesha kwa mbali, mtu anakuwa doa tu. Kwa sababu hiyo ukubwa wa lidude haupotei hata kwenye runinga ya inchi 32 iliyowekwa juu ya kabati.

Kuna pia uwanja wa mapambano wa sayari ya Giedi Prime, unaogeuka ghafla kuwa mweusi na mweupe. Ukiwa Njombe mjini unatazama kwenye runinga ya zamani, unaweza kudhani waya umelegea. Hapo Fraser aliibadilisha kamera ipokee mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho yetu. Ngozi ya mwigizaji Austin Butler inaonekana kama inapitisha mwanga na macho yake yanakuwa meusi tii. Nguo zilileta kazi, kwani vitambaa viwili vyeusi mbele ya kamera hiyo vinaweza kutoka kimoja cheusi, kingine cheupe. Ikabidi vipimwe kwanza.

Oscar za 2025 ziliipa tuzo ya sauti na ya picha za kompyuta. Kwenye sauti nina neno na watafsiri wetu wa mabanda ya video. Ninawaheshimu. Lufufu na waliomfuata ndio waliotufungulia sinema za nje. Lakini tukio la lidude limejengwa kwa mpangilio wa sauti: kigongo cha kuliita lidude kinadunda mchangani, kinanyamaza, kisha besi inapanda kutoka chini mpaka mabenchi yanatetemeka. Mtafsiri akiongea juu yake, sauti ya sinema hushushwa na ngazi yote hiyo inavunjika. Dakika zile hazina mazungumzo mengi. Aziache zipite.

Udhaifu upo mwishoni. Sinema inakwenda dakika 166, lakini vita dhidi ya Mfalme inaisha haraka mno, kama waliomaliza bajeti ya subira yao yote kwenye mchanga. Sehemu ya tatu imepangwa kutoka Desemba 2026, na aliyeshika kamera safari hii ni Linus Sandgren, si Fraser. Nitakachokitafuta kwanza ni kama jua bado linapita ndani ya vumbi la kweli.