Kioo Kikubwa na Kioo Kidogo

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini wahenga waliosema hivyo hawakuwahi kuingia katika duka la vishikwambi, ambamo kizuri na kibaya vyote hung'ara sawasawa. Mnunuzi mwenye fedha ya kifaa kimoja tu yampasa ajiulize: nitakisomea wapi, na nani mwingine atakisoma?

Nyumbani kwetu Ngokolo, mjini Shinyanga, tunavyo viwili. Cha kwanza ni cha inchi 10, nacho hakina mahali pa kutia laini, hutegemea waifai. Cha pili ni cha inchi 8, chenye laini yake. Nimevitumia vyote muda wa kutosha kuvitolea hukumu.

Kwa kusoma nyumbani, kikubwa kinashinda. Ukurasa wa gazeti huonekana wote bila kuvutwavutwa kwa vidole, na jioni watoto watatu huweza kukizunguka wakasoma pamoja.

Safarini mambo hugeuka. Kikubwa chataka mikono miwili, ilhali ndani ya basi mkono mmoja una kazi ya kushikilia kiti. Zamani msafiri wa Geita aliyepitia Kigongo alisoma akiwa kwenye foleni ya kivuko. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lilipozinduliwa Juni 2025, foleni hiyo haipo. Asomaye husoma gari likikimbia. Hapo kidogo hukaa kiganjani na kujitafutia mtandao chenyewe. Jua la dirishani, hata hivyo, halina upendeleo: vyote viwili huwa vioo vya kujitazamia.

Ubishi huu ni wa siku nyingi. Mwaka 2010 iPad ya kwanza ilikuwa na kioo cha inchi 9.7 na uzito wa gramu 680, na mwaka huohuo Samsung wakatoa Galaxy Tab ya inchi 7 na gramu 380. Steve Jobs alivikejeli hadharani vishikwambi vya inchi 7. Oktoba 2012, yeye akiwa amekwisha kufariki, kampuni yake ya Apple ikatangaza iPad mini ya inchi 7.9. Nasi tuliona makarani wa Sensa ya Agosti 2022 wakipita nyumba kwa nyumba na vishikwambi, ambavyo baadaye walipewa walimu. Kifaa cha kutembea kikawa cha kusomea.

Lakini ukubwa wa kioo si kiini cha hukumu yangu. Waifai ya nyumba nyingi za huku ni simu ya mzazi mmoja iliyowashwa ili kugawa bando. Simu ikienda sokoni, intaneti nayo imekwenda. Binti anayengoja matokeo ya mtihani hukaa na kioo kizuri mapajani, akingoja mlango ubishwe. Kifaa kisicho na laini humfanya mwenye simu kuwa bawabu wa elimu ya nyumba nzima, hata kama hakukusudia.

Kwa hiyo, msomaji, kama huna intaneti inayobaki nyumbani watu wakitoka, nunua kidogo chenye laini. Macho yatachoka upesi zaidi, nakiri. Lakini aliyebaki nyumbani atasoma bila kuomba ruhusa.