Ufundi wa Kufagia Maji

Vyombo vyenyewe havifiki vitano. Hori la bati lenye urefu wa sentimita 70, upana wa 5 na kina cha 2. Ukanda mwembamba wa bati uliolazwa kukingama juu yake, ukingo hadi ukingo. Mizani ndogo yenye uzito wa kusogezwa, na kisahani cha milimita 6 kinachoning'inia kwenye mkono wa mizani hadi kugusa maji. Kwa vitu hivyo Agnes Pockels, binti aliyekaa nyumbani kwa wazazi wake mjini Braunschweig, Ujerumani, alianza mwanzoni mwa miaka ya 1880 kuchunguza uso wa maji kwa uangalifu ambao maprofesa wa wakati wake, pamoja na maabara zao, hawakuwa wameufikia.

Alichokuwa akipima ni mvutano. Ndani ya maji kila molekuli huvutwa na wenzake kutoka pande zote. Ile iliyo juu kabisa haina wenzake upande wa hewa, kwa hiyo huvutwa zaidi kwenda ndani, na uso mzima hutaka kujibana uwe mdogo kadiri inavyowezekana. Ndiyo sababu tone la umande hujiviringa, na sindano iliyolazwa taratibu haizami. Hayo tuliyasoma shuleni, na mwalimu huwa anaongeza kwamba uso wa maji ni kama mpira uliotandazwa. Hapo simwungi mkono. Mpira kadiri unavyouvuta ndivyo unavyozidi kukaza. Uso wa maji safi ukiutanua, mvutano wake haubadiliki, maana molekuli nyingine hupanda kutoka chini na kujaza nafasi. Uso unaobadilika ukitanuliwa au kubanwa ni ule mchafu.

Na uso wa maji karibu daima ni mchafu. Kidole kilichogusa nywele, kitambaa kilichofuta chombo, vumbi la hewani, vyote huacha mafuta kidogo, na mafuta hayo hayahitaji kuwa mengi. Benjamin Franklin alilionyesha hilo kwenye bwawa la Clapham, London, katika habari aliyoichapisha mwaka 1774: kijiko cha chai cha mafuta kilituliza mawimbi kwenye eneo la kama nusu ekari. Gawanya ujazo wa kijiko kwa eneo hilo upate unene wa utando. Jibu ni nanomita mbili tatu. Franklin hakugawanya. Ilibidi kungoja zaidi ya miaka mia moja hadi Lord Rayleigh, Mwingereza, alipofanya hesabu ya namna hiyo mwaka 1890 kwa mafuta ya zeituni na vipande vya kafuri. Kafuri hiyo hiyo tuijuayo, ukiidondosha juu ya maji safi, hucheza na kuzunguka yenyewe. Mafuta yakitosha, hutulia. Rayleigh aliongeza mafuta mpaka kafuri ikaacha kucheza, akapata utando wa nanomita 1.6.

Pockels alikwenda mbali zaidi, tena kwa kitendo ambacho ukikiona unaweza kukidharau. Alijaza hori mpaka maji yakapanda sawa na ukingo, akalaza ule ukanda wa bati juu yake ukigusa maji, kisha akausogeza. Kwa kuusogeza, uso wa upande mmoja hupungua na wa upande wa pili huongezeka, na uchafu hauwezi kuvuka. Yaani aliyafagia maji. Upande ulioachwa nyuma ya ukanda hubaki na uso mpya usio na kitu. Upande wa mbele taka zote hukusanyika na kusongamana. Hapo aliteremsha kisahani kikagusa maji, akasogeza uzito wa mizani hadi kikabanduka, na nguvu iliyohitajika kukibandua ikampa mvutano.

Alichokiona ni hiki. Uchafu ukiwa kidogo na nafasi ikiwa kubwa, mvutano ni ule ule wa maji safi, kana kwamba hakuna kitu. Bana nafasi, bado hakuna kitu. Endelea kubana, na kwenye kipimo fulani mvutano unaanza kuporomoka ghafla. Hapo ndipo molekuli za mafuta zilizokuwa zimetawanyika zimegusana bega kwa bega na hazina tena pa kukimbilia. Wataalamu wa baadaye waliipa nukta hiyo jina lake. Kwangu mimi, uzuri wa kazi hii ni kwamba kifaa cha kusafishia ndicho hicho hicho kifaa cha kupimia. Mkono unaofagia ndio unaohesabu.

Hakuchapisha kitu kwa karibu miaka kumi. Chuo kikuu kilikuwa hakipokei wanawake. Kilipokuja kupokea, wazazi walikuwa wagonjwa na yeye ndiye mlezi. Baba yake alikuwa ofisa wa jeshi la Austria kaskazini mwa Italia. Agnes alizaliwa Venice mwaka 1862, na malaria ndiyo iliyovunja afya ya baba na kuirudisha familia Braunschweig mwaka 1871. (Kuna kejeli hapo: kiluwiluwi cha mbu wa malaria hulala sambamba na uso wa maji ili avute hewa, na watu wanaomwaga mafuta ya taa kwenye madimbwi wanamwondolea mvutano ule ule ambao binti wa mgonjwa alikuja kuupima.) Vitabu vya fizikia alivipata kwa mdogo wake Friedrich, aliyekuwa akisoma Göttingen.

Habari za majaribio ya Rayleigh zilipomfikia, alimwandikia barua kwa Kijerumani, Januari 1891, akianza kwa kuomba radhi kwa kuthubutu. Mke wa Rayleigh aliitafsiri, na Rayleigh akaipeleka kwa jarida la Nature, ambalo liliichapa tarehe 12 Machi mwaka huo. Angeweza kukaa nayo, au kuitaja kwa mstari mmoja ndani ya makala yake mwenyewe. Wengi wa hadhi yake wangefanya hivyo.

Simulizi zinazopendwa juu yake husema alivumbua akiosha vyombo. Huenda ni kweli kwamba jikoni ndiko alikoanza kushangaa, lakini simulizi hiyo inageuza kazi kuwa bahati. Mamilioni ya watu wameona mafuta yakitawanyika kwenye karai. Kutoka hapo hadi kwenye kipimo kinachojirudia leo na kesho pana kazi ngumu: kuosha hori, kufagia, kupima, kumwaga, kuosha tena. Kinachojulikana kwa mwoshaji hodari na hakijulikani kwa profesa aliyezoea kuoshewa ni kwamba chombo kinachong'aa bado kinaweza kuwa kichafu.

Mwaka 1917 Irving Langmuir, wa kampuni ya General Electric nchini Marekani, aliboresha hori hilo, akaonyesha kwamba utando ni tabaka moja la molekuli zilizosimama, kichwa majini na mkia hewani. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1932. Mwaka huo huo Pockels, akiwa na miaka 70, alipewa udaktari wa heshima na chuo cha ufundi cha Braunschweig. Maabara nyingi hadi leo huliita hori hilo kwa jina la Langmuir.

Lakini safari ndefu zaidi ya hori hilo iliishia kwenye mapafu. Vifuko vya hewa vya pafu vimelowa kwa ndani, na majimaji hayo, kama maji yoyote, hutaka kujibana. Yangekuwa maji matupu, vifuko vidogo vingefunga kila tunapotoa pumzi. John Clements, Mmarekani, alitandaza utando uliotoka mapafuni juu ya maji, akaubana na kuutanua, na mwaka 1957 akaeleza kwamba mvutano wake hushuka sana unapobanwa. Miaka miwili baadaye Mary Ellen Avery na Jere Mead walipima mapafu ya watoto waliofariki kwa shida ya kupumua baada ya kuzaliwa kabla ya wakati. Mvutano haukushuka inavyotakiwa: utando ulikuwa bado haujatosha. Mwaka 1980 daktari Mjapani, Tetsuro Fujiwara, na wenzake walieleza jinsi walivyowatilia watoto kumi mapafuni dawa ya utando iliyotokana na mapafu ya ng'ombe.

Dawa ya aina hiyo ni ghali, na katika hospitali nyingi za kwetu haipatikani kirahisi. Kwa hiyo katika baadhi ya wodi za watoto njiti hutumika njia nyingine: hewa hupitishwa puani mwa mtoto, na mrija wa kutokea huzamishwa ndani ya chupa ya maji. Kina cha mrija, sentimita tano au sita, ndicho shinikizo linalozuia vifuko visifunge. Muuguzi wa zamu huangalia mrija umefika alama gani, na kama mapovu yanatoka. Yakikoma, hutafuta hewa inavujia wapi.