Mshahara wa Mwaka Mmoja: Tuzo ya Penn kwa Wanafunzi Wajasiriamali

Tuzo nyingi za wanafunzi wajasiriamali hutangazwa kwa tarakimu moja kubwa iliyochapwa kwenye hundi ya kadibodi. Tuzo ya Ubunifu ya Rais ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mjini Philadelphia, ina tarakimu mbili, na ya pili ndiyo yenye maarifa. Timu inayoshinda hupata hadi dola 100,000 za kuendeshea mradi. Kando ya hizo, kila mwanatimu hupewa dola 50,000 za kujikimu kwa mwaka mmoja.

Rais anayetajwa hapo ni mkuu wa chuo. Amy Gutmann, aliyeiongoza Penn kuanzia 2004 hadi 2022, alianza na tuzo dada, ya miradi ya huduma kwa jamii, na washindi wake wa kwanza walipatikana 2015. Mwaka uliofuata ikaja hii ya ubunifu, kwa ajili ya biashara zenye manufaa kwa umma. Zote mbili ni za wanafunzi wa shahada ya kwanza wanaomaliza masomo, na kila mradi sharti uwe na mhadhiri anayeulea. Washindi wa tuzo ya ubunifu hupewa pia nafasi ya kufanyia kazi katika Kituo cha Pennovation, kilichofunguliwa 2016 ng'ambo ya Mto Schuylkill, mahali palipokuwa na maabara ya kampuni ya DuPont.

Kwa nini kugawa fedha mafungu mawili kuwe jambo la maana? Tazama kinachotokea zinapokaa fungu moja. Mwanafunzi anayeandika bajeti ya shindano anajua kwamba majaji hawapendi kuona mstari wa mshahara wake mwenyewe. Utaonekana kama tamaa. Basi anaandika mashine, malighafi, usajili wa kampuni, matangazo. Anashinda, ananunua mashine, kisha anahitimu. Kodi ya chumba inamdai, nyumbani wanamtazama, na ndani ya miezi michache ameshaajiriwa kwingine. Mashine inabaki stoo. Hapo wazo halikuwa baya wala mwanafunzi hakuwa mvivu. Tuzo ililipia kila kitu isipokuwa mtu ambaye bila yeye hakuna kinachofanyika. Penn imeuondoa mstari huo kwenye bajeti ya mradi na kuupa fungu lake, ili mshindi asilazimike kuchagua kati ya kifaa na chakula.

Mfano unaoonyesha vizuri jinsi muundo huu unavyofanya kazi ni Strella Biotechnology, iliyoshinda 2019 chini ya Katherine Sizov na mwenzake Malika Shukurova. Kazi yao ilihusu ethilini, gesi ambayo tunda huitoa linapoiva na ambayo huyaharakisha matunda mengine yaliyo karibu. Anayevundika ndizi shimoni kwa moshi wa majani makavu anaitumia gesi hiyohiyo, hata kama hajawahi kulisikia jina lake. Wafanyabiashara wa matufaha wa Marekani wanataka kinyume chake. Wao hufungia mavuno katika vyumba vya baridi vilivyopunguzwa oksijeni, ili matunda yalale miezi mingi bila kuiva. Tatizo ni kwamba chumba kimefungwa. Mwenye ghala hajui kwa hakika ni chumba kipi kinaelekea kuiva na kipi kinaweza kungoja, na akikosea kupanga, anafungua mlango akiwa amechelewa. Strella walitengeneza vihisi vya kupima ethilini ndani ya vyumba hivyo, ili mwenye mali ajue aanze kuuza kipi.

Sasa iweke kalenda ya kazi hiyo mezani. Zaidi ya nusu ya matufaha ya Marekani hutoka jimbo la Washington, upande wa pili wa nchi ukitokea Philadelphia. Huvunwa kuanzia Agosti hadi Novemba, na mengine hukaa ghalani hadi kiangazi cha mwaka unaofuata. Kihisi kinachodai kutabiri kuiva hakiwezi kuthibitishwa maabara peke yake. Lazima kikae na tunda halisi tangu mlango unapofungwa hadi unapofunguliwa. Huo ni msimu mzima, na kwa mwaka kuna msimu mmoja tu. Mwanafunzi mwenye vipindi darasani hawezi kuhamia maghalani wiki kadhaa mwezi Oktoba. Mhitimu anayelipwa mwaka mzima anaweza. Nadhani hapa ndipo ulipo ubora wa tuzo hii: urefu wake unalingana na urefu wa jaribio. Fedha zilezile zingetolewa kwa mkupuo mwanafunzi akiwa mwaka wa pili, matokeo yangekuwa mengine kabisa.

Cha kushangaza, watu walio mbali kabisa na Penn kifikra waliifikia zana hiyohiyo. Tajiri Peter Thiel alianzisha mwaka 2010 ufadhili wake, wakati huo wa dola 100,000 kwa kipindi cha miaka miwili, kwa vijana walio tayari kuacha chuo. Dylan Field alitoka Chuo Kikuu cha Brown kwa njia hiyo akaanzisha kampuni ya Figma. Thiel anamwambia kijana aache shahada, Penn inamwambia amalize kwanza. Lakini wote wawili wananunua kitu kimoja: muda wa mtu asiye na wasiwasi wa mlo wa kesho. Mimi niko upande wa Penn, hasa kwa sababu kampuni nyingi changa hufa, na kijana ambaye kampuni yake imekufa akiwa na shahada mkononi ana pa kuanzia.

Shindano la jukwaani nalo lina historia ndefu. Kule Massachusetts, wanafunzi wa MIT walianzisha lao karibu na mwaka 1990, zawadi ikiwa dola 10,000. Ikapanda hadi 50,000 na baadaye 100,000. Mwaka 1998 miongoni mwa waliofika fainali walikuwamo Tom Leighton, profesa wa hisabati, na mwanafunzi wake Danny Lewin, wakiwa na hesabu za kusambaza kurasa za intaneti bila seva kuzidiwa. Hawakushinda. Mwaka huohuo walianzisha kampuni ya Akamai, na Oktoba 1999 hisa zake zikaanza kuuzwa sokoni. Siwalaumu majaji. Hakuna aliye na kipimo cha kumtambua mshindi wa miaka kumi ijayo kwa kumsikiliza akizungumza dakika chache. Lakini shindano liliwapa jambo jingine: tarehe ya mwisho iliyowalazimisha kuandika mpango wa biashara, na mwenza kutoka shule ya biashara aliyejua mpango huo unaandikwaje. Faida hizo mbili zinapatikana hata kwa anayeondoka mikono mitupu, na ndizo zinazoyastahilisha mashindano kuendelea.

MIT yenyewe ilikuja kuongeza njia nyingine. Mfuko wake wa Sandbox, ulioanza 2016, huwapa wanafunzi hadi dola 25,000 kwa awamu: kidogo cha kwenda kuzungumza na wateja, kisha zaidi kwa anayerudi na ushahidi. Chuo hakichukui hisa. Ni busara, kwa kuwa mwekezaji wa baadaye huangalia kwanza nani anamiliki nini, na chuo kilichoshika sehemu ya kampuni ya mwanafunzi mapema humfungia milango bila kukusudia.

Afrika Mashariki tuna mfano unaopaswa kuwafikirisha wanaoandaa tuzo zetu. Brian Gitta na wenzake wa Chuo Kikuu cha Makerere walibuni Matibabu, kifaa kinachopima malaria kwa mwanga mwekundu na sumaku kidoleni, bila kutoa damu. Mwaka 2013 walitambuliwa katika shindano la Imagine Cup la Microsoft. Ilipofika 2018, Gitta, akiwa na umri wa miaka 24, alishinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi ya Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, pauni 25,000. Kati ya tuzo hizo mbili kuna miaka mitano. Kifaa cha tiba kinahitaji majaribio kwa wagonjwa, vibali na marekebisho, na hakuna hata kimoja kinachokwenda kwa kasi ya sherehe. Tuzo hiyo ya Uingereza, ambayo mshindi wake wa kwanza mwaka 2015 alikuwa Dkt. Askwar Hilonga wa Arusha na chujio lake la maji, ina jambo zuri: huwafundisha wateule wote kwa miezi kadhaa kabla ya kumtaja mshindi. Lakini miaka iliyo kati ya cheti na cheti mbunifu anaishi kwa nini?

Hazina ya Penn inazidi dola bilioni 20, na hakuna chuo chetu kitakachoiga kiasi hicho. Mgawanyo wenyewe, hata hivyo, haudai utajiri. Chuo chenye fedha za kutoa zawadi kumi ndogo kinaweza kuzitoa saba kwa wanafunzi wa mwaka wa pili, za nauli na majaribio ya awali, kisha kuziunganisha tatu zilizobaki ziwe posho ya kila mwezi kwa mhitimu mmoja kwa mwaka. Ulinganifu utapungua na wengine watalalamika, kwa haki. Bado ningechagua hivyo. Mhitimu wa Tanzania aliyesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) anajua kwamba akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara, na bado ndiye anayechukua ajira haraka, kwa sababu wadogo zake wanasubiri ada. Hundi ya kadibodi haimpi sababu ya kukataa ajira hiyo. Posho inampa.

Penn nayo haijamaliza kazi. Washindi hutangazwa majira ya kuchipua, wiki chache kabla ya mahafali ya Mei. Wakati huo kampuni kubwa za fedha na ushauri zimekwisha kuwasainisha wengi wa wanafunzi bora, baadhi tangu kiangazi kilichotangulia walipokuwa mafunzoni kazini. Mwenye wazo zuri na deni hulazimika kuikataa ajira ya uhakika akingoja tuzo ambayo huenda asiipate, na wenye uwezo wa kungoja hivyo ni watoto wa wenye nacho. Kutangaza washindi Oktoba, kwa sharti kwamba fedha zitoke baada ya kuhitimu, kusingegharimu dola moja ya ziada.