Kugombania wanafunzi: pesa ya masomo inaishia wapi

Shule inayoishi kwa minervali, yaani karo ya wazazi, huhesabu vichwa kwanza. Katika Uvira, mashariki mwa Kongo (RDC), mazoea haya yana chanzo. Miaka ya 1990, mishahara ya serikali ilipoanguka, wazazi walikubaliana na makanisa kulipa primu, yaani malipo ya nyongeza, ili walimu wasiache darasa. Ulikuwa mpango wa dharura, ukadumu zaidi ya miaka 25. Sehemu ya pesa ilibaki kwa mwalimu, nyingine ikapanda hadi ofisi za uratibu wa shule, kwa hiyo kila ofisi ikawa na sababu ya kutaka shule nyingi zaidi.

Huko Rurambo, milimani juu ya Uvira, hesabu ni kali. Tuchukue kijiji chenye watoto 240. Shule moja ya madarasa sita inahitaji walimu sita na direkta: watu saba. Jumuiya nyingine ya kanisa ikifungua yake ng'ambo ya kijito, watoto wakagawanyika 120 kwa 120, wanaotakiwa kulipwa ni 14. Gharama ya mishahara kwa kila mtoto imekuwa maradufu, na hakuna kitabu kilichoongezeka. Darasa la watoto 20 ni zuri sana, ila mwalimu wake awe analipwa. Kwa kawaida mwalimu wa shule hiyo ya pili hajamekanizwa: hayumo kwenye orodha ya mishahara ya serikali huko Kinshasa, anaishi kwa kile wazazi wanachochanga baada ya mavuno.

Mjini mambo ni mengine. Tangu Septemba 2019 shule za msingi za serikali ni za bure na zimefurika. Shule ya binafsi inauza nafasi darasani na mwalimu asiyegoma, na mgomo wa walimu wa Septemba 2024 uliwasukuma wazazi wengine huko. Lakini ufundishaji hauonekani ukiwa barabarani. Kinachoonekana ni rangi ya ukuta, sare na kompyuta, hata kama umeme wa SNEL, kampuni ya taifa, haupo, na pesa hufuata macho ya mzazi. Mwaka 1980 mwanauchumi Howard Bowen alieleza jambo hilihili kuhusu vyuo vikuu vya Marekani: kila kimoja hukusanya chote kinachoweza, kisha hutumia chote kutafuta sifa.

Kamati za wazazi mjini zidai kuonyeshwa ni sehemu gani ya minervali inamfikia mwalimu, na tarehe ngapi. Kule Rurambo, jumuiya mbili zenye shule nusu tupu zikubaliane: wanafunzi wa darasa la tano na la sita wa pande zote wasome pamoja, wafundishwe na walimu ambao tayari wamemekanizwa.