Ukoka na Magugu ya Masika

Vita dhidi ya magugu ya masika hupiganwa kiangazi. Mtunza bustani hodari wa Arusha au Moshi hasubiri mvua za Machi. Mapema mwaka hukagua uwanja, akatafuta palipopata upara: njia ya mkato ya watoto, mahali palipowekwa jiko la mkaa. Mbegu nyingi ndogo za magugu huhitaji mwanga ili ziote, na zikifunikwa hulala udongoni miaka. Basi hutifua sehemu hizo, huchomeka vipandikizi vya ukoka na kuvimwagilia mpaka vishike, ili mvua ikute nyasi zimeshatambaa.

Wengi huharibu kazi kwenye kukata. Nyasi zilizonyolewa hadi udongo zionekane hupendeza siku mbili, kisha kishona nguo huchipua kila upande. Afadhali kuondoa theluthi moja tu ya urefu kila mara, na fyekeo liwe kali.

Samadi nayo ina hila. Mbegu kadhaa hupita tumboni mwa ng'ombe zikiwa hai, kwa hiyo samadi mbichi ni kupanda magugu kwa gharama zako mwenyewe. Iliyorundikwa ikapata joto na kuoza vizuri huwa salama zaidi.

Mtihani wa ufundi ni ndago. Anayeivuta kwa pupa hubaki na majani mkononi. Vinundu vyeusi, vilivyoungana kwa nyuzi kama shanga, hubaki chini na kuchipua upya. Fundi hungoja udongo ulowe, huchimbua kwa chuma chenye ncha, kisha hupapasa kwa vidole mpaka apate kinundu cha mwisho. Ni kazi ya kuchuchumaa, isiyo na sifa barazani, na hakuna mashine inayoifanya vizuri kuliko mkono wenye subira. Udongo wa kununua kwa lori ukaguliwe kabla ya kumwagwa, maana ndago nyingi huingia uani kwa njia hiyo.

Gugu karoti, lililotoka Amerika, halitaki mzaha. Huwasha ngozi, na chavua yake huwasumbua wenye pumu. Mmea mmoja uliokomaa huweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000. Ling'olewe na mizizi yake kabla halijachanua, na anayeling'oa avae glavu.