Baiskeli ya Makaa na Mstari wa Penseli

Anayejifunza kuchora peke yake hapa Kolwezi, bila mwalimu wala darasa, hacheleweshwi sana na mkono. Kinachomchelewesha ni jicho. Anachora picha kumi, hajui ipi imefaulu na ipi imeanguka, na ya kumi na moja inabeba makosa yaleyale ya kwanza. Kwa hiyo jifunze kuhukumu mapema, wakati bado unachora vibaya.

Anzia barabarani. Asubuhi, kwenye njia zinazoingia mjini, wanapita watu wanaosukuma baiskeli zilizopakiwa magunia ya makaa, au makala, kama tunavyosema huku. Mchore mmoja wao. Ukimaliza, usiulize kama sura imefanana, wala usihesabu spoki za gurudumu. Tafuta uzito. Anayesukuma mzigo ule hasimami wima: kifua kimelala mbele, mguu wa nyuma umenyooka, shingo imezama mabegani. Kama mtu wako amesimama kama anayepigwa picha ya kitambulisho, basi magunia yako ni matupu, hata ukiyapaka giza namna gani. Naanza na kipimo hiki kwa sababu hakidanganyiki. Mchoro wenye uzito unaweza kusamehewa pua iliyopinda, lakini pua nzuri haimsaidii mtu asiyebeba kitu.

Kisha sogea karibu uutazame mstari wenyewe. Mstari wa woga una nywele: vipande vifupi vifupi vilivyopandana, kila kimoja kikisahihisha cha mbele yake, mpaka huwezi kusema bega linaishia wapi. Mstari mzuri unatoka begani hadi kiwikoni kwa safari moja, tena haulingani unene. Unanenepa pale mwili unapobanwa, chini ya gunia au chini ya kisigino, na unakonda pale nguo inapoelea hewani. Nikiwekewa mstari uliokosea kidogo lakini umeamua, na mwingine sahihi uliotambaa, nachukua wa kwanza bila kusita. Mwenye mstari ule wa kwanza alikuwa anamtazama mtu. Wa pili alikuwa anaitazama karatasi yake.

Kivuli pia kinasema ukweli. Mji wetu uko karibu nyuzi 11 kusini mwa ikweta. Mwishoni mwa Oktoba jua la saa sita linakaribia utosi, na kivuli cha mtu kinakusanyika miguuni mwake. Mwezi Juni, saa hiyohiyo, jua liko upande wa kaskazini, na mtu wa mita 1.7 anatupa kivuli cha mita moja na kidogo kuelekea kusini. Mchoraji aliyetoka nje kwenda kutazama anakijua kivuli hicho bila kufanya hesabu. Aliyebaki ndani hukitia popote penye nafasi, na mara nyingi utamkuta mtu ana kivuli cha kulia huku nyumba yake ina cha kushoto.

Hapa niseme neno ambalo vijana wengi hawatalipenda. Siku hizi picha inayosifiwa kuliko zote ni uso ulionakiliwa kutoka kwenye simu, ukasuguliwa kwa kidole au kwa pamba mpaka ngozi ing'ae, kila unywele mahali pake. Kazi hiyo inataka subira, na subira naiheshimu. Ila kabla ya kuisifu, uliza ni nani aliyechagua. Simu ndiyo iliyochagua upande, mwanga na mahali pa kukata, nayo imekwisha kuulaza uso bapa kabla penseli haijaguswa. Tazama shingo na masikio, sehemu ambazo mnakili huchoka kuziangalia: mara nyingi shingo ni bomba, na sikio limebandikwa. Mchoro wa dakika tano wa mama anayeuza ndizi, uliochorwa huku yeye akisogea, una mafunzo mengi zaidi.

Hata hivyo, kunakili si dhambi. Katika miji ya migodi ya Katanga, uchoraji wa watu wa kawaida ulikua kwa kurudia. Kumbuka picha iitwayo Colonie Belge, iliyotundikwa katika nyumba nyingi miaka ya 1970: uwanja wa gereza, mfungwa amelazwa chini akichapwa kiboko na askari, mzungu anatazama, bendera iko juu, wanawake wanaleta chakula. Wachoraji wengi waliichora, kila mmoja mara nyingi, kwa sababu wateja waliitaka. Naona marudio hayo ndiyo yaliyokuwa shule yao. Ukibahatika kuona nakala mbili pamoja, linganisha mkono wa askari. Kwenye nakala dhaifu kiboko kinaelea na mkono umeshonwa begani. Kwenye nakala yenye nguvu mwili mzima umezunguka tangu kisigino, na utulivu wa mzungu aliye pembeni ndio unaoumiza macho.

Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947 na kufanya kazi Likasi na Lubumbashi, ndiye bwana wa mkondo huo. Hakusomea sanaa shuleni, akajiita mwanahistoria. Kati ya 1973 na 1974 alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian historia ya nchi nzima, zaidi ya picha 100 kwenye vitambaa vya magunia ya unga, akizieleza kwa Kiswahili chetu. Neno lililotumika kwa picha kama hizo lilikuwa ukumbusho, nalo ni kipimo kamili: picha njema inamfanya mtu aliye mbele yake aanze kusimulia. Mwonyeshe babu mchoro wako bila kumwambia chochote. Akisema tu kwamba umependeza, rudi kazini. Akianza kueleza mambo ya mgodi wa Musonoi enzi za kampuni ya Union Minière, umefika.

Jambo la mwisho ni pale ulipoacha wazi. Mwaka 1926, huko Bukama kwenye mto Lualaba, Albert Lubaki, mchonga pembe za ndovu aliyekuwa akipamba kuta za nyumba, alipewa karatasi na rangi za maji. Alichora watu na wanyama wachache, karatasi iliyobaki akaiacha tupu, na utupu ule unasimama imara. Miaka ishirini na zaidi baadaye, katika karakana ya Pierre Romain-Desfossés kule Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, Mwenze Kibwanga alifanya kinyume: alijaza kila pembe kwa mistari mifupi iliyopangwa kama msuko. Njia zote mbili ni nzuri, kwa kuwa kila mmoja aliamua. Kinachoharibu ni ile sehemu ya nyuma iliyopakwa kijivu kwa sababu mchoraji hakujua aitie nini.

Picha zile za Tshibumba alizomchorea Fabian ziko Amsterdam leo. Lakini zipo nyingine za wenzake ambazo huenda bado zimetundikwa kwa shangazi yako, au zimekunjwa nyuma ya kabati, rangi ikianza kubanduka. Muulize. Keti mbele ya picha hiyo na penseli, uinakili yote, mkono wa askari kwanza, kabla kitambaa hakijaoza.