Pongezi kwa Wauguzi wa Kliniki ya Wajawazito
Mwaka 1988 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa pepopunda iliua watoto wachanga 787,000. Kufikia 2018 makadirio yalishuka hadi 25,000 hivi. Kwa maoni yangu, sifa kubwa ni ya muuguzi wa kliniki. Ndiye anayekagua kichupa cha chanjo ya pepopunda kisiwe kimeganda, maana chanjo hii ikiganda huharibika, akamchoma mama nusu mililita begani, kisha akaandika kwenye kadi tarehe ya kurudi, wiki nne baadaye. Kinga ya mama humfikia mtoto kupitia kondo la nyuma kabla hajazaliwa.

Wapo wanaosema wembe safi wa kukatia kitovu na kitovu kisichopakwa kitu vinatosha kuzuia pepopunda. Usafi ni lazima, lakini vijidudu vya pepopunda hukaa udongoni na kwenye kinyesi cha mifugo, na si kila mama huwahi hospitali. Kenya, mwaka 2014, maaskofu wa Kanisa Katoliki walidai chanjo ya kampeni ya pepopunda inafunga uzazi. Hofu hiyo ilistahili jibu, na jibu analo muuguzi: wanawake aliowachanja mimba ya kwanza hurudi kwake na ya pili, hata ya tatu. Tanzania ilithibitishwa kutokomeza pepopunda ya wachanga mwaka 2012. Vijidudu bado vimo udongoni; mama mjamzito, ukifika kliniki, ulizia sindano yako.